Soketi ya Chini Haikulia

Mimi ni mwalimu, na ualimu una ugonjwa wake. Ukikaa miaka mingi ukisahihisha wengine, unasahau kwamba na wewe unaweza kupigwa kosa kwa wino mwekundu. Hapa Kibondo watu wananijua kwa sauti yangu kubwa na kwa gari letu la familia, la kijivu, la viti saba, ambalo limeshabeba magunia ya maharage, wagonjwa, na siku moja kwaya nzima ya kanisa. Hili ninalolisimulia hawalijui. Likinijia nikiwa peke yangu huwa najitukana kwa sauti, "Mjinga wewe!", halafu nageuka kuangalia kama kuna aliyesikia.

Gari lilianza kuzimika njiani. Linatembea vizuri, injini ikishashika moto linazimika lenyewe, kimya, kama mtu aliyekumbuka jambo. Ukilingoja lipoe linawaka tena. Fundi mmoja wa mjini akachomeka kifaa chake cha kupimia, akaniambia sensa mbili zimekufa, ya krenki na ya kemshafti.

"Hivi vidude, mwalimu, ndivyo vinaiambia injini imefika wapi kwenye mzunguko wake," alisema. "Vikidanganya, injini haijui iwake saa ngapi." Ya juu, ya kemshafti, ni rahisi, akasema, hata mtoto anaifungua. Ya chini imejificha karibu na puli, mpaka uinue gari na kulala chini. Kazi alizonazo zingeisha Jumatano, nimletee siku hiyo.

Jumatano kwetu ilikuwa mbali. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Kasulu Jumatatu na Jumanne tu, na mama mkwe wangu alikuwa ameshakuja kukaa kwetu akiwangoja. Macho yake yalikuwa yamefunga ukungu, la kushoto zaidi. Alikuwa anaona mwanga na vitu vikubwa, basi. Msimu ule alikuwa ameingia shambani kwake kupalilia, akang'oa mstari mzima wa maharage akidhani ni magugu. Alipoambiwa alikaa chini kwenye udongo akalia. Mke wangu aliponisimulia, nilisema mbele ya watu wote, kifua mbele: "Mama nitampeleka mimi, kwa gari langu."

Lazima nieleze jambo moja kuhusu mimi na mama huyu. Alivuka kutoka Burundi akiwa na mimba ya mke wangu, akaishi kambi ya Mtabila, kisha akaolewa huku na kuwa mtu wa huku. Mila zake alivuka nazo. Kwao mkwe na mabukwe, yaani mama mkwe, hawasemezani uso kwa uso. Maneno yanapita kwa mtu wa tatu, hata mkiwa mmekaa chumba kimoja. Akitaka kuniambia mvua inakuja, anamwambia binti yake, "Mwambie mume wako mvua inakuja," nami nimeshasikia kila neno, lakini nangoja niambiwe. Ndiyo heshima. Miaka yote ya ndoa yangu hatukuwahi kupeana hata salamu ya moja kwa moja, na tulipendana vizuri tu.

Jumapili jioni mke wangu alinishauri. "Baba Watoto, kesho asubuhi tupande basi na mama. Gari litatengenezwa taratibu."

"Mama yako apande basi wakati mkwe wake ana gari? Watu watanionaje?"

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwepo. Akacheka akatazama vidole vyangu. "Shemeji, mikono ya chaki hiyo, iache ikashike chaki." Alitania tu, kama mashemeji wanavyotaniana. Lakini mimi maneno yale yaliniingia. Nikasema sensa nitazinunua na kuzibadilisha mwenyewe, na Jumanne tutakuwa Kasulu kabla ya chai ya saa nne. Jumatatu, siku ambayo mama angeweza kuwa kwenye foleni ya madaktari, mimi nilikuwa nimevaa ovaroli la kuazima.

Nililiinua gari kwa jeki, nikaweka mawe nyuma ya matairi, simu nimeiegemeza kwenye ndoo inanionyesha video ya mtu anayefanya kazi hiyohiyo. Mama alikaa mkekani mlangoni pa jikoni akipukuchua maharage kwa kupapasa. Ya juu nilifungua kwa spana namba kumi, nikaichomoa ile kuukuu, nikapaka oili kidogo kwenye kipete cha mpira cha ile mpya, nikaisukuma ndani, nikafunga bolti, nikachomeka soketi ya waya. Ta! Ililia vizuri, ikajifunga. Nikampigia shemeji saluti.

Ya chini, jamani! Nililala juu ya gunia, mkono umeingia mpaka kiwiko, sioni ninachoshika, michanga inaniangukia machoni. Vidole vilichubuka. Kila nikiigusa bolti inanikimbia. Saa nzima ilipita, na shemeji akawa anauliza kila mara kama nimelala usingizi kule chini. Hasira ikanipanda. Hatimaye sensa ikaingia, bolti ikakaza, nikashika ile soketi nikaisukuma kwa kidole gumba hadi ikakataa kwenda mbele. Nikajiambia imekaa. Kusema kweli nilitaka tu kutoka pale chini.

Nikawasha. Injini ikanguruma laini, taa ya onyo haipo! Nikacheza uwanjani, mbele ya kuku na majirani. Shemeji akainua mikono akasema, "Haya, nimekubali, fundi mwalimu."

Ndipo mama alipomwita binti yake, mkono bado umo kwenye ungo: "Mbega, mwambie mume wako. Ile ya juu ililia. Ya chini haikulia."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Nikangoja kama ilivyo ada. Mke wangu akanigeukia. "Mama anasema ya juu ililia, ya chini haikulia."

Na mimi, mtu mzima, baba wa watoto, nikacheka. Nikasema, "Mwambie mama asante, lakini injini si maharage."

Shemeji akacheka, halafu akaacha. Mke wangu hakumwambia mama chochote. Hakukuwa na haja, mama si kiziwi. Aliendelea kupukuchua, na mimi nikaenda kunawa.

Jumanne tuliondoka saa moja asubuhi, mama kiti cha nyuma amefunga kitambaa kipya kichwani, mke wangu pembeni yangu. Nilikuwa naimba. Tulipokaribia Makere nikapita tuta kwa kasi kidogo, tukarushwa, na injini ikazima papo hapo. Nikalisereresha gari hadi pembeni ya lami.

"Limeshika moto," nikasema. "Tungoje lipoe."

Tukangoja. Halikuwaka. Likaja basi la kwenda Kasulu, mke wangu akashuka na kuinua mkono. Basi lilianza kupunguza mwendo. Nikamshika ule mkono nikaushusha. "Unaniaibisha mbele ya mama," nikamnong'oneza. "Nipe dakika kumi." Kondakta alitutazama, akagonga bodi, wakaenda. Ule mkono niliushusha mimi. Kila nikiliona basi limesimama mahali naukumbuka.

Dakika kumi zikawa saa. Nilifungua boneti, nikasugua vichwa vya betri, nikalaumu petroli, nikalaumu tuta na waliolijenga. Chini sikwenda. Kwa nini niende chini wakati kule nilishamaliza? Hivyo ndivyo nilivyokuwa nawaza, na kama ni mwanafunzi wangu angewaza hivyo ningempigia kelele darasa zima lisikie. Magari mengine yaliyopita yalikuwa yamejaa. Mama hakulalamika. Aliuliza mara moja tu, "Muulize mkwe wangu, jua limefika wapi?" Jua lilikuwa utosini, na yeye hakuweza kuliona.

Mwisho nililala chini kwa sababu nilikuwa nimekosa kitu kingine cha kufanya. Na pale, jamani, ile soketi ilikuwa inaning'inia kwenye waya wake, inacheza na upepo. Haikuwahi kujifunga. Niliisukuma tu ikakaa mdomoni, na lile tuta likaitikisa ikatoka.

Nililala kifudifudi na aibu ikanipanda hadi masikio yakawaka. Dirisha la mama lilikuwa wazi, karibu juu ya kichwa changu. Nilijua kwamba nikiifunga soketi sawasawa italia. Na nilijua nani atasikia. Basi nikavuta pumzi, nikaisukuma kwa nguvu, na ilipolia, ta, nikakohoa. Nikakohoa kikohozi kikubwa cha mzee mvuta tumbaku. Nikaongeza cha pili na cha tatu ili kionekane cha kweli.

Nikatoka najipangusa vumbi, nikapitisha mkono dirishani nikawasha, injini ikanguruma. Nikapiga tairi teke. "Sensa feki!" nikasema. "Hawa wauza spea wanatuuzia takataka. Nimeigonga-gonga ndiyo imekubali." Mke wangu alinipa pole. Alinipa pole, yule mwanamke, na maji ya kunawa.

Kasulu tulifika saa tisa imepita. Nesi alikuwa anakunja karatasi ya majina na ndani walikuwa wanafunga vifaa kwenye masanduku. Akatuambia kwa heshima kwamba orodha imefungwa, turudi watakapokuja tena. Nikampandishia sauti. Nilimfokea binti wa watu mbele ya wagonjwa, eti hana utu. Mama akamvuta mke wangu nguo: "Mwambie aache. Huyo mtoto hana kosa."

Uongo ule haukubaki njiani. Shemeji kwa kunipenda alikwenda dukani kwa muuza spea aliyeniuzia kumsomea mashtaka. Yule bwana akaomba radhi, akatoa sensa nyingine bure, ndani ya boksi lake, nami nikaipokea. Iko kabatini mpaka leo chini ya mashati. Ile niliyoilaumu bado iko kwenye gari na haijawahi kusumbua hata siku moja.

Nilitaka kumwambia mama. Naapa nilitaka. Lakini nilikuwa na kisingizio kizuri kuliko vyote: hatusemezani. Kumwambia yeye ningepitia kwa mke wangu, na mke wangu ndiye niliyemwogopa. Kwa hiyo nikajificha nyuma ya mila, nikawa mkwe mwenye heshima kupindukia. Namletea mama sukari, namletea kitenge. Kila nikibeba mzigo naweka chini polepole, nisitoe mlio.

Mvua ziliisha, zikaanza tena, na madaktari wakarudi Kasulu. Safari hii mke wangu na mama walipanda basi. Mimi hata sikuulizwa. Jicho la kulia lilifanyiwa kazi na likafunguka. La kushoto, daktari alisema, lilikuwa pia na presha, na presha ilikuwa imeshaua mshipa wa kuonea. "Pengine mngewahi kidogo," alisema. Kidogo ni kiasi gani, miezi au ile siku moja, mke wangu hakuuliza, na mimi sikumwagiza akaulize.

Jumapili ya kwanza baada ya bandeji kutolewa tulikaa sebuleni, shemeji naye alikuwepo, pombe ya ndizi mezani na watoto wanamzunguka bibi yao wakimwonyesha vidole, hivi vingapi, hivi vingapi. Alipatia vyote. Alimtazama shemeji akamwambia amenenepa. Akautazama mkono wangu uliokuwa umeshika kikombe. Halafu akanitazama usoni kwa lile jicho moja, muda mrefu, bila ubaya wowote, akamwambia binti yake:

"Mbega, muulize mume wako. Kile kikohozi cha siku ile njiani, kilipona?"

Mke wangu akacheka kidogo, hakuelewa. "Kikohozi gani tena? Baba Watoto, mama anauliza kikohozi chako kilipona?"

Niliweka kikombe chini. Kiligonga meza. Kumbe alijua tangu pale barabarani, alijua shemeji alipokwenda dukani, alijua alipokuwa anapokea sukari yangu, na hakumwambia mtoto wake neno.

"Mama," nikasema, moja kwa moja, bila kumpitia mtu. "Siku ile sikuwa na kikohozi."

"Ego," akanijibu mwenyewe. Ndiyo. "Sasa mwambie mke wako."

Mke wangu alikuwa bado anatabasamu, jagi mkononi, akingoja kuambiwa. Nikaanza kumweleza, kuanzia lile basi la njiani.