Nguchiro wa Boma

Nikisikia harufu ya manyoya yaliyolowa mvua, popote nilipolala, narudi kwenye banda letu la kuku, juu Kinole. Baba alikuwa ameua mnyama mrefu mwenye miguu mifupi, akamtundika mlangoni ili nguchiro wengine waogope. Askari wa boma alipopanda kumtafuta mbwa wa Mjerumani mkuu wa boma, baba alimwonyesha kwa majivuno.

“Tazama nguchiro huyu, bwana askari!”

“Huyo ndiye mbwa mwenyewe.”

“Mbwa? Kwa miguu hii? Usinitanie.”

Mama alicheka, nami nikacheka. Askari alimfunga baba kamba, akambebesha yule mnyama, wakateremka kuelekea Morogoro. Kutoka bondeni nilimsikia baba bado akiuliza, kwa upole, ni mbwa wa aina gani. Askari naye hakujua. Baba hakurudi.