Simu ya Mama wa Takaungu

Kipindi changu huanza saa tatu asubuhi, muziki na maongezi mpaka saa tano. Studio yetu hapa Kilifi ni chumba kimoja. Ukutani tumegandisha trei za mayai zimeze mwangwi, na simu ya wasikilizaji ni mulika mwizi, ile simu ndogo ya tochi, iliyofungwa waya ukaingia kwenye mashine ya sauti. Hailii, inawaka tu. Kazi hii sikufundishwa na mtu. Nilikuja kuomba wimbo, nikabakia nikiuliza kila kitufe kinafanya nini, mpaka wakachoka kunifukuza.

Kila asubuhi wa kwanza kupiga alikuwa mama mmoja wa Takaungu, mpika mahamri.

"Mwanangu, umeamka au umeletwa?"

"Shikamoo mama. Nimeletwa."

Anacheka, anawasalimu mashabiki wenzake kuanzia Junju mpaka Marafa, anaomba wimbo wake wa bango, anakata. Siku msikilizaji mmoja aliponitukana hewani kwamba nabwata kama kasuku, ndiye aliyepiga kunitetea. Mtu akinitetea mara moja, mimi ni wake.

Ikawa siku moja tumemaliza tu tangazo la mfadhili wetu, mwenye malori ya maji, mama akaingia.

"Hayo maji mnayosema matamu, mimi nimeyanunua jana. Nimepikia chai, maziwa yakakatika kama mtindi. Yana chumvi, mwanangu."

Nikacheka. Mji mzima ukacheka. Mwenye malori hakucheka.

Meneja wetu alikuwa mwalimu wa shule, na sote twamwita mwalimu. Si mtu mbaya. Mtambo ukiharibika, hutoa mfukoni mwake. Siku hiyo alinisubiri mlangoni.

"Namba ya yule mama usiipokee tena."

"Mwalimu, yule mama ndiye kipindi."

"Kipindi ni umeme. Na umeme analipa mwenye malori."

"Basi tumwambie alete maji matamu."

"Wee binti, punguza moto. Usiipokee."

Kesho yake simu ikawaka, jina lake kwenye kioo. Ikazima, ikawaka tena. Nikaweka wimbo, nikasimama, nikakaa, nikasimama. Nilikuwa nikitaja saa mara mbilimbili kama mtu mwenye homa. Siku zikaenda hivyo. Wasikilizaji wakaanza kuuliza, mbona mama wa Takaungu hatumsikii? Nikawaambia mtandao wa kwao unasumbua. Uongo ule niliuonea haya, maana nilijua na yeye anausikia, amekaa mbele ya karai lake na redio pembeni.

Wala haukumtuliza mtu. Dada mmoja wa Junju akasema mama atakuwa mgonjwa, watu wachange sukari na unga wakamzuru. Mwengine akasema amesikia kalazwa. Halafu akapiga baba mmoja wa Marafa, mtu wa kanisa, akaomba nafasi kidogo. Nikampa nikidhani ni salamu. Akaanza kuomba.

"Bwana, mpokee mama yetu..."

"Baba, ngoja. Hajafa."

"Hatujui, binti, Mungu ndiye ajuaye. Bwana, kama umemchukua, mpe pumziko."

Alipomaliza, simu ikawaka, namba ngeni. Nikapokea.

"Assalaam aleikum. Mimi ni mgeni, redio hii sijawahi kuipigia," sauti ikasema, na hapakuwa na msikilizaji wetu asiyeijua. "Nimeazima simu ya jirani. Namuomba huyo baba wa Marafa aache kunizika, nina mahamri motoni."

Nje, nyuma ya kioo cha dirisha la studio, mwalimu alikuwa ameshasimama, anapitisha kidole shingoni: kata. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.

"Mwanangu," mama akasema, sasa bila mzaha, "nimekukosea nini? Nakupigia kila siku huniitikii. Na mtandao wangu mzima."

"Hujanikosea, mama. Maneno yako ya maji yalimkera mfadhili, nikaambiwa nisikupokee. Sasa nakupokea."

"Na chai ilikatika kweli," akasema.

Mwalimu akafungua mlango. Nilijua anakuja kuchomoa waya. Badala yake akavuta kiti, akaketi, akashika kichwa, akangoja mpaka wimbo ulipoanza.

"Haya, umeshinda," akaniambia. "Sasa nitafutie umeme."

Mwenye malori aliacha kutufadhili wiki ileile. Siku hizi twazima mtambo adhuhuri mpaka magharibi ili bili ipungue. Mama anapiga kama zamani, na wapo wanaomwambia hewani kuwa chai yake imewazimia redio. Nikisikia hivyo damu inanichemka, nawakatia simu, mwalimu ananikaripia, twaendelea.

Mtambo ukizimwa, nyumbani hakukaliki. Nazunguka madukani kutafuta matangazo. Majuzi mwenye duka la magodoro alikaribia kukubali, akaniuliza nitayasifu vipi.

"Sijui bado. Nipe moja nikalilalie kwanza."

"Umekuja kuuza tangazo au kuomba godoro?"

"Wasikilizaji wangu wana simu, ami. Likibonyea watapiga."

Akacheka, akageukia mteja mwengine. Godoro hajanipa, na mimi sijamwacha. Kila adhuhuri nampitia.