Kifungu cha Nane

Mwaka 1956, hapa Gisenyi, msichana mmoja alinyang'anywa kadi ya maktaba kwa kosa la kutikisa midomo.

Siku tatu baadaye alisoma ukurasa ambao haukuwepo. Alisoma mbele ya watu kumi na mmoja, na neno lake la mwisho lilikuwa dhidi yake mwenyewe.

Msichana huyo ni Saidati, shangazi yangu. Nayaandika kama alivyonisimulia. Chumvi sikutia.

Chuo kikuu kimoja cha mbali kilikuwa kimefungua chumba cha kusomea karibu na ziwa. Ndani mlikuwa na kitabu pekee cha mwili wa binadamu katika mji mzima. Saidati alikihitaji. Mtihani wa kuingia shule ya wakunga ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili.

Mkutubi aliitwa Théogène. Alivaa tai hata kwenye jua kali, na alitembea juu ya vidole ili asikie nani anapumua.

Saidati alikuwa mtoto wa Mbugangari, mtaa wa Waislamu, binti wa Faradji fundi cherehani. Kusoma alifundishwa madrasa. Huko maneno hayaangaliwi tu. Yanapita mdomoni, na mwili unayumba nayo, hadi yakae kichwani.

Basi alisoma hivyo hivyo. Bila sauti, lakini midomo ikienda.

"We! Hapa hapana madrasa," Théogène alimwambia. "Leta kadi."

"Mi sikupiga kelele, Bwana Théogène. Ni midomo tu."

"Midomo ni mulango ya kelele. Leta!"

"Na kifungu cha sita cha kanuni zenu?"

Théogène alikaza tai yake. "Cha sita kinasema nini?"

"Si we ndiye unakaa na kijitabu?"

Wasomaji walicheka. Hapo ndipo alipoharibu mambo. Mwenye tai hachekwi mbele ya watu. Kadi ilichukuliwa, na Saidati akatolewa nje.

Hakulia. Siku aliyoomba kadi, Théogène alikuwa amemkalisha kwenye benchi asubuhi nzima na kijitabu cha kanuni mkononi. Saidati alikimeza chote, kwa Kifaransa chake cha nusu, neno kwa neno, kama alivyomeza Korani kabla ya kujua maana yake.

Siku ya tatu mkaguzi wa chuo kikuu alifika. Saidati alimsubiri mlangoni na baba yake, ambaye alikuwa na futi ya kupimia shingoni na kipande cha kitambaa cha kaki begani.

"Iko nini?" mkaguzi aliuliza.

"Nimenyang'anywa kadi bila barua. Kifungu cha sita kinakataza."

Mkaguzi aliingia nao ndani, akamwomba Théogène kijitabu. Alifungua. Kifungu cha tano kilikuwa mwisho wa ukurasa. Ukurasa uliofuata ulianza na cha tisa.

"Cha sita hakuna," Théogène alisema. "Huyu anatunga tu, Bwana."

Saidati alifumba macho. Akaanza kuyumba.

Alisoma kifungu cha nne. Mkaguzi alifuata kwa kidole: hakuna neno lililopotea. Alisoma cha tano. Vilevile.

Kisha akaingia pale pasipo na karatasi. Cha sita: msomaji hanyang'anywi kadi kabla ya kuonywa mara mbili kwa barua. Cha saba: mkutubi akikosea hapo, atairudisha kadi mbele ya wasomaji wote.

Mkaguzi alipitisha kidole katikati ya kijitabu. Aligusa makali ya karatasi iliyokatwa kwa wembe.

"Inatosha, mademoiselle. Nimeamini."

Lakini Saidati hakunyamaza. Madrasa haikumfundisha kuruka aya.

Cha nane: mwanamke ataingia tu kwa ruhusa ya maandishi ya mumewe au baba yake.

Wasomaji wote waliinua vichwa.

Théogène mwenyewe alishangaa. Alikata karatasi kwa sababu ya upande wa mbele, wenye cha sita na cha saba. Upande wa nyuma hakuusoma. Silaha aliyoihitaji aliitupa kwa mkono wake.

"Umeona!" akafoka. "Ruhusa iko wapi?"

Mzee Faradji alisogea mbele.

"Nipe karatasi."

"Karatasi ni ya wasomaji tu, muzee."

"Bon, haya."

Akatandaza kaki juu ya meza, akatoa chaki ya kukatia nguo. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, kuanzia kulia, bila haraka. Fundi haharibu kitambaa cha mteja, lakini siku hiyo aliharibu.

"Hii si maandishi!" Théogène alisema.

"Kifungu kimesema maandishi," Saidati alijibu. "Hakikusema herufi zipi."

Mkaguzi aligeuza kichwa huku na huko. "Nani atanisomea?"

Hakuna aliyeweza, ila mmoja. Saidati alisoma kwa sauti, katikati ya maktaba:

"Mimi Faradji nasema: binti yangu haombi ruhusa ya kusoma. Mumupe kadi yake."

Mkaguzi alimtazama mzee. Mzee alimtazama mkaguzi. Ni mkaguzi aliyeinamisha macho kwanza.

Kisha akamwashiria Théogène, naye akarudisha kadi mbele ya watu wote, kwa mikono miwili.

Saidati aliketi, akafungua kitabu chake. Midomo ikaanza kwenda.

Ndugu msomaji, anayekusomea sheria huwa anakoma pale panapomfaa. Omba kijitabu. Kisome chote, hata kile kinachokuumiza wewe mwenyewe. Kisha usiondoke mlangoni.