Faili Lenye Magreth Wawili

Veneranda wa Itetemia alikuwa mwanamke wa kuhofia hata jambo jema. Mvua ikichelewa alilalamika. Ikiwahi aliuliza inakimbilia nini. Basi tangu binti yake Levina apate kazi ya kompyuta kwa majaribio, ya kufanyia nyumbani, mama hakuwa na raha. Siku ya mwisho ya majaribio alihamishia ungo wake wa karanga mlangoni, amwone vizuri.

"Hivi hayo mafaili unayofungua ni ya nani? Wenyewe wanajua?"

"Wanajua, mama. Ndio walionituma."

Levina alikuwa akirekebisha programu ya kukagua mafaili yasiyosomeka kwa macho. Inachungulia ndani, kisha inaandika kwa mpangilio sehemu zilizomo ili programu nyingine izisome. Lakini faili lenye sehemu nne lilitoa majibu ya sehemu tatu tu. Asipoirekebisha leo, hana kazi, na Jumamosi anapanda basi kwenda kwa shangazi yake Dar es Salaam kuhangaika huko. Hilo ndilo lililomkosesha Veneranda usingizi.

"Hiyo sehemu moja imekwenda wapi?" mama akauliza.

Levina akacheka. "Si yaleyale ya wewe na baba? Yeye alitaka jina la mama yake, wewe la mama yako, wadogo zangu wote wawili wakawa Magreth. Sasa mtu akiorodhesha watoto wa hapa, kila jina mara moja tu, si mmoja anafutika? Humu namo sehemu mbili zina jina moja. Ya pili inaifuta ya kwanza."

"Msemeni baba yenu. Mimi nilishauri Advera."

"Basi naacha kupanga kwa majina. Kila sehemu itakaa peke yake kwa mfuatano, na jina lake ndani."

Akaendelea kubonyeza. Jirani, Mwanamkuu, akachungulia uani.

"Mama Levina, una nini leo? Unatupa karanga, unabakiza maganda!"

"Niache, shoga. Mtoto yuko kwenye mtihani."

"Zote nne!" Levina akapaza sauti, akatuma kazi.

Jioni simu ikalia. Alisikiliza, akashukuru mara tatu nne, akageuka. "Wamenichukua, mama. Nitafanyia kazi hapahapa."

Veneranda akapiga kigelegele hadi kikohozi kikamkamata. Alipotulia, akamtazama bintiye.

"Hapahapa?"

"Hapahapa."

"Kutwa umejifungia ndani na kompyuta," akasema taratibu. "Sasa mchumba atakuona wapi?"