Beseni la Udongo

Usiku ule hakuna aliyelala katika nyumba ya Hedwiga pale Mapera. Simu ya Gaudiosa, binti yake, ilikuwa dirishani ambako mtandao hushika, na kila ilipowaka wote wawili waliinuka. Mara ni salamu za jumuiya, mara ni kampuni ya simu. Jogoo wa kwanza akawika, wa pili akawika, jina halijaja.

"Mama, nenda kalale."

"Nilale vipi na wewe umekaa kama umefiwa?"

Jina lililosubiriwa lilikuwa moja tu. Chuo kikuu kimoja cha China kilikuwa kikitafiti udongo wa milima ya Umatengo pamoja na chuo cha hapa nchini. Wachina walileta mizani, vipima mvua na mapipa; udongo ulifungwa kwenye vifuko ukasafiri hadi maabara za kwao, na majibu yakaandikwa kwa majina ya vyuo viwili. Kati ya vijana waliotunza vipande vya majaribio, mmoja angechukuliwa kwenda kusoma huko miaka minne, bure. Walibaki wawili: Gaudiosa, na Mansuetus wa jirani yao Kunigunda, aliyetunza vipande vya kule Litumbandyosi.

Hedwiga aliishia darasa la saba, lakini mlima aliujua. Alianza kuchimba ngolo akiwa na miaka tisa. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza miraba miraba kwenye mteremko. Wanawake huja na majembe, hufukua katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo ule, mpaka mlima unakuwa mashimo matupu kama sega la nyuki, na mvua inatulia humo badala ya kukimbia. Mumewe alipofariki alilaza nyasi mwenyewe, akachekwa, akaendelea. Mgongo ulipinda kwa ngolo, na kwa ngolo hizo Gaudiosa alipata stashahada ya kilimo.

Watafiti walichukua vipande viwili shambani kwake. Kimoja cha ngolo. Kingine wakataka kiachwe wazi, bila shimo wala jani. Chini ya kila kimoja wakafukia pipa la kupokea udongo unaoteremka na mvua. Siku za kazi Gaudiosa alikuwa Mbinga mjini, ofisi ya mradi. Kila Jumamosi alikuja kupima udongo wa mapipa, akaandika, akatuma.

Kile kipande cha wazi kilimnyima Hedwiga raha. Mwanamke ambaye udongo wake unashuka mtoni huitwa mvivu hata akiwa kaburini. Ijumaa moja baada ya mvua kubwa alichungulia pipa la kipande hicho akaona udongo mweusi, ule wa juu, ule alioachiwa na mama mkwe, umejaa pomoni. Akawaza: kumbe Wachina wana akili, wametuwekea chombo cha kuudaka ili turudishe. Akachota kwa beseni, akapanda nao, akaumwaga juu ya kipande na kuushindilia kwa nyayo. Akaacha kidogo, wa mtoto kupima. Akafanya hivyo misimu miwili. Hakumwambia Gaudiosa; nani humweleza mwanawe kwamba leo amefagia?

Kunigunda alimwona. "Mama Gaudi, umekosa mjukuu sasa unabeba udongo?"

"Wangu naubeba. Wa kwako uko ziwani saa hizi, samaki wanaulima."

Walicheka wote.

Asubuhi hiyo halikuja jina, lilikuja gari. Dokta Rodrick, mratibu wa mradi, alishuka bila kumwamkia Hedwiga.

"Gaudiosa, Profesa Shen wa chuo cha China ameniuliza kuhusu namba zako. Kipande cha wazi cha Mapera kinapoteza udongo kidogo kuliko cha ngolo. Mvua ya kwenu inapanda mlima?"

"Nilipima nilichokuta, Dokta."

"Ulikaa mjini ukabuni namba. Chuo chao hakiweki jina kwenye kazi ya namna hii. Matokeo ya Mapera yote yanafutwa, misimu miwili. Na wewe umefutwa."

Hedwiga akajisogeza mbele. "Ni mimi, baba," akasema, akaeleza yote: pipa, beseni, nyayo.

Rodrick alimtazama kwa mara ya kwanza. "Kila mama humbebea mwanawe makosa. Nani alikuona?"

Kunigunda alikuwa kwenye mibuni, amekuja kutazama gari.

"Mama Mansu, sema! Si ulinicheka?"

Kunigunda alijifunga kanga upya, taratibu. "Mimi? Mimi naangalia shamba langu. Ya kwenu mnayajua wenyewe."

Hata hivyo Rodrick alitoa daftari. "Haya, tuseme ni kweli. Mabeseni mangapi, wiki gani? Ukinitajia, namba zinarekebishika na binti anapona."

Hedwiga hakuwahi kuhesabu. Nani huhesabu udongo wake mwenyewe?

"Saba," akasema. Akamtazama usoni aone kama yanatosha. "Hapana, kumi. Kumi na mbili mvua ikizidi. Wewe andika unavyoona inafaa, baba, mradi mtoto apone."

"Mama!" Gaudiosa akafumba macho.

Rodrick akafunika kalamu. "Niandike ninavyoona inafaa." Akamgeukia binti. "Sasa nimejua ulikojifunzia."

Gari likashuka. Kabla ya saa sita vigelegele vilisikika kwa Kunigunda.

Gaudiosa alisimama mlangoni pa chumba chake. Hakupaza sauti. "Mama, misimu miwili hukuniuliza hata siku moja lile pipa ni la nini."

"Nilidhani najua."

"Ndiyo. Ulidhani." Akaingia. Komeo likalia.

Jioni mvua ikaja kutoka upande wa ziwa, nzito. Hedwiga alivumilia, akavumilia, akachukua beseni, akalirudisha. Mwisho akaenda kusimama mlangoni pa mwanawe.

"Gau. Mvua imeanza. Udongo unashuka. Niuache?"

Ndani kitanda kililia. Nyayo zikaja hadi mlangoni, zikasimama. Alimsikia akipumua upande wa pili wa ubao. Kisha nyayo zikarudi, kitanda kikalia tena, na mlango ukabaki umefungwa.