Dhambi Juu ya Kabati

Mwaka wa 2007, nyumbani kwetu Nakuru, tuliishi na mashetani watano kwa majuma kadhaa kabla mama hajajua. Mama yangu, mtu wa kwaya, mtu wa kufunga kila Ijumaa, fundi wa nguo aliyeombea hata cherehani kabla ya kuikanyaga! Na ni yeye mwenyewe aliyewaleta.

Alipewa mfuko na mama mmoja Mhindi, mwenye duka la vitambaa alikokuwa akinunua bitana na zipu. Wanawe walishakuwa wakubwa wakaenda kusoma ng'ambo, na vitu vyao vya kuchezea vilikuwa vimemjazia kabati. Mama alichungulia ndani akaona magari: lori, tingatinga, helikopta, kichwa cha treni na gari la zimamoto. Akashukuru, akatuletea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mdogo wangu saba.

Chini ya mfuko kulikuwa na kitabu cha picha kisicho na jalada, na hapo ndipo tulipojua tumepata nini. Hayo hayakuwa magari. Yalikuwa majambazi ya chuma, genge zima, yaliyojigeuza magari ili yaingie mjini bila kushukiwa. Ukivuta magurudumu ya lori, linatoa mikono. Helikopta inakunjuka, inakuwa popo mwenye meno. Gari la zimamoto, ambalo kitabuni liliwasha moto badala ya kuuzima, lilikuwa na pembe. Na yakibanwa kabisa, yote matano yanaungana kuwa jitu moja baya, la kupendeza mno. Kila ukurasa yalipigwa, na kila ukurasa yalirudi yakibishana nani awe kichwa. Tuliyapenda ajabu.

Helikopta ilitushinda wiki nzima. Kuikunjua kazi, kuikunja kazi zaidi. Ukikosea kidogo bawa linakubana kidole. Lakini ilibidi tujifunze, kwa sababu mama akikaribia mlango yote yalipaswa kuwa magari. Tukisikia viatu vyake kwenye kokoto tunayakunja haraka, na akiingia anakuta watoto wawili wapole wanasukuma lori.

Siku moja alirudi bila viatu. Mvua ilikuwa imenyesha, akavivua kwa ajili ya matope. Akakuta jitu limesimama juu ya meza yake ya kukatia nguo, pembe juu.

"Hii ni nini kwa meza yangu?"

"Ni... magari, mami."

"Gari iko na meno?"

Hukumu ilitoka papo hapo: Jumamosi, pamoja na takataka, moto. Mdogo wangu alilia hadi akashikwa na kwikwi. Mimi nilikimbia kwa mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, dada mchangamfu wa ploti ya pili, ambaye nilijua anahangaika na igizo la watoto. Lilihusu jitu liitwalo Dhambi, na hadi wakati huo Dhambi lilikuwa katoni ya sabuni iliyochorwa macho.

"Ticha, sisi tuko na Dhambi kwa nyumba," nikamwambia.

Alikuja, akaona, akapiga makofi. Mama angemkatalia vipi mwalimu wa kanisa?

"Sawa, ichezwe," akasema. "Lakini Jumapili tukitoka kanisa, naichoma."

Tuliongezewa siku moja tu.

Jumapili hiyo watoto watano walipanda jukwaani, kila mmoja na shetani wake: Uongo, Wizi, Kiburi, Ulafi, na gari la zimamoto likiwa Uvivu. Wakayaunganisha juu ya meza, Dhambi likasimama. Uvivu ndio uliokuwa mguu wa kulia, na goti lake lilikuwa bovu tangu siku ya kwanza. Ukilipulizia tu, jitu chini. Kwa hiyo hatukuwa na wasiwasi. Mdogo wangu, aliyekuwa Sala, angetupa mpira wake wa matambara, Dhambi lingeanguka, amina.

Akatupa. Mpira ukalipata kifuani, likatulia tuli. Akatupa tena. Likatikisika kidogo, kama mtu anayecheka. Mara ya tatu mpira ukampata mpiga kinanda. Kanisa zima likaangua kicheko, pasta mbele kabisa ameshika mbavu, na mdogo wangu akageuka kunitazama, midomo ikimtetemeka. Sala imeshindwa mbele za watu!

Hapo mama akatoka kwenye safu ya kwaya. Akanyoosha kidole, na kwa sauti yote ya solo aliyonyimwa miaka mingi, akapaza: "Anguka!"

Goti likalegea. Dhambi likaenda chini vipande vitano, mkono ukabingirika hadi miguuni pa pasta. Vigelegele vya siku hiyo sijavisikia hata harusini.

Habari ya moto haikutajwa tena. Nani achome ushahidi? Jitu likapandishwa juu ya kabati, likatandikiwa kitambaa cha kufuma, na kila mgeni aliyekunywa chai kwetu alielezwa lilivyoangushwa. Sisi tukakatazwa kuligusa.

"Hiyo si toi," mama alisema. "Ni ushuhuda."

Nilikasirika kweli. Yaani tumeliokoa na moto ili tulitazame kwa mbali!

Januari ikafika na ule moshi wa nyumba zilizochomwa katika vurugu za baada ya uchaguzi. Asubuhi moja uliinuka karibu sana, majirani wakapita na magodoro kichwani, na mama akatuambia tumngoje langoni. Alitoka na kichwa cha cherehani ndani ya beseni, na mfuko mgongoni. Niliogopa sana, na katikati ya woga huo nikalikumbuka jitu letu. Sasa litaungua kweli, nikawaza, na machozi yakanitoka.

Yule mama wa vitambaa alikuwa amewafungulia wateja wake stoo ya duka. Tukaketi humo katikati ya majora, na mama akafungua mfuko. Vyeti vya kuzaliwa. Sweta zetu. Kisha akaanza kupanga sakafuni: lori, tingatinga, kichwa cha treni, gari la zimamoto, helikopta. Yote magari, yamekunjwa barabara, hata lile bawa la kubana vidole. Na sisi hatukuwa tumeyagusa tangu yapande kabatini.

Tulimkodolea macho.

"Mnaniangalia nini?" akasema. "Kwani ni nyinyi tu mnajua? Ni helikopta tu ilinisumbua."