Nusu Kidonge Kwenye Kopo la Vifungo

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, shangazi yangu alikuwa akikata kidonge chake cha kifafa katikati kwa kisu cha jikoni. Nusu anameza. Nusu anaitia kwenye kopo la vifungo, anafunika, kisha ananitazama.

"Wewe hujaona kitu."

"Sijaona, shangazi."

Alikuwa mpiga pasi kwa dobi, mwaka wa kumi na mbili. Shati la mikono mirefu alilimaliza hujapiga chafya ya tatu. Lakini akimeza kidonge kizima mikono inatetemeka, usingizi unamjia akiwa wima, na kola zinaungua. Akimeza nusu mikono inatulia. Ila ndiyo hivyo, siku moja alianguka chini ya meza, na pasi ikamfuata. Ikamwachia kovu mkononi, lenye umbo la ncha yake.

Dobi alikuwa mtu mzuri, lakini alimwambia, "Dada, mimi si daktari. Niletee karatasi kwamba dawa imekaa sawa kwenye damu, ndipo ushike pasi. Kwa sasa kunja mashuka."

Kukunja mashuka! Shangazi alirudi nyumbani kama mtu aliyevuliwa nguo njiani.

Kliniki wakampangia siku ya kupima. Nesi alisema nami nikisikia: asimeze dawa asubuhi hiyo mpaka damu itolewe. Alfajiri nikamkuta kalimimina kopo mezani, vifungo huku, vidonge kule. Akameza nusu saba.

"Shangazi, nesi alisema..."

"Nesi hapigi pasi. Leo damu yangu itaingia maabara na shikamoo yake."

Nilicheka, Mungu anisamehe.

Majibu yakaja: dawa imezidi. Daktari akamtazama mikono, na kweli ilitetemeka. "Ndiyo maana unasinzia, mama. Tunapunguza kipimo. Urudi baada ya wiki tatu tupime tena." Mimi nilikuwa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nikamshikia mkoba, tukatoka.

Nyumbani akaendelea kukata, sasa kile kidonge kipya kidogo. Wiki moja akaanguka mara mbili. Nilimlaza ubavu, nikamwekea nguo chini ya kichwa, nikangoja kifafa kipite. Sikujua kingine cha kufanya.

Alfajiri ya siku ya kurudi kliniki, kopo lilimiminwa tena mezani. Nesi akamfunga mpira mkononi, damu ikajaa kwenye kichupa.

"Umemeza dawa leo?"

"Sijameza."

Nikasikia sauti, kumbe ni yangu. "Amemeza nusu tisa. Siku zote humeza nusu tu, nyingine anaweka."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, kaa tuongee. Hakuna wa kukugombeza. Dawa zipo nyingine, lakini lazima tujue ukweli."

Shangazi akabana pamba kwenye kiwiko, akashusha mkono wa gauni mpaka kovu likafunikwa. "Bubu wangu," akaniambia kwa upole, "muda wote huo, mdomo umeupata leo?"

Akachukua mkoba, akatoka. Nilidhani ameenda msalani. Nesi alimwita kwenye korido, akarudi peke yake, akaita namba iliyofuata. Watu wakaingia, wakatolewa damu, wakatoka. Nilikaa na kadi yake mkononi mpaka msafishaji akaniomba ninyanyue miguu apige deki.

Shangazi hakurudi.